Siku ya Kwanza ni Ipi? Mawazo juu ya Kuhesabu Tarehe

Katika vitabu vidogo kama hiki tumezoea kuandika juu ya mahari, juu ya majina, juu ya matanga na heshima kwa wazee. Safari hii tumechagua jambo linaloonekana dogo, tena kavu: ginsi ya kuhesabu siku kutoka tarehe moja mpaka nyingine. Wengi watasema hiyo si desturi, ni hesabu tu, mtoto wa darasa la nne anaiweza. Ni kweli, kutoa namba ndogo katika namba kubwa mtoto anaweza. Lakini kabla ya kutoa, lazima mtu achague pa kuanzia na pa kuishia, na hapo ndipo hesabu inaingia katika mambo ya haki. Huku kwetu Lemera, na kote Uvira, tumeona ugomvi wa deni, wa shamba, wa ndoa, hata wa damu, ambamo watu wote wawili walijua kuhesabu vizuri kabisa. Shida yao ilikuwa moja: hawakuanza siku moja.

Tuanze na wazee wetu. Hawakuwa na kalenda ukutani, na kwenye karte za wengi wao, pale penye tarehe ya kuzaliwa, kumeandikwa « vers 1935 », maana yake karibu ya mwaka 1935. Vijana wanaona ile « vers » wanacheka, wanafikiri mzee hakujua kitu. Lakini muulize mama mzee juu ya watoto wake. Atakuambia: « Wa kwanza nilimuzaa mwaka wa uhuru. Wa pili nilimupata wakati wa Mulele, ile mwaka ziwa ilipanda. » Uhuru ni 1960. Uasi uliofika Uvira ni 1964, na mwaka huohuo maji ya Tanganyika yalipanda sana. Basi kati ya watoto hao wawili kuna miaka minne, na mama hakukosea. Namba ya mwaka hakuwa nayo. Utaratibu wa mambo alikuwa nao.

Na utaratibu ndio uliokuwa wa maana kwake. Nani mkubwa, nani mdogo, nani anapewa kiti kwanza, nani anaulizwa shauri kwanza, nani anaachiwa mji wa baba. Karani akiandika ndugu wawili wote « vers 1935 », karatasi imewafanya mapacha, na heshima waliyokuwa nayo kati yao imepotea kwenye mstari mmoja wa wino. Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba karatasi inajua na mzee hajui. Kila mmoja anajua kitu chake.

Lakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Kumbukumbu ya mambo inasaidia paka pale ambapo watu wote walikuwepo. Mgeni, hakimu, mwalimu wa shule, hawakuuona ule mwaka ziwa lilipopanda. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Msichana akiolewa kwa nguvu, au kijana akikamatwa na kupelekwa tribinali, « alizaliwa wakati wa vita » haitoshi kumlinda, maana vita vyetu vimekuwa vingi na virefu. Hapo tarehe kamili inakuwa ngao ya mnyonge.

Basi tarehe tunazihitaji. Sasa tuone ginsi tarehe zenyewe zinavyoweza kuhesabiwa kwa njia mbalimbali, na kila njia ikawa na ukweli wake.

Mfano wa kwanza kila mkristo anaujua. Tunasema Yesu alifufuka siku ya tatu. Alikufa Ijumaa mchana, kaburi likakutwa tupu Jumapili asubuhi. Ukihesabu saa, hazifiki hata 48, yaani siku mbili kamili. Je, Maandiko yamekosea? Hapana. Watu wa wakati ule walihesabu siku ya kuanzia kuwa moja: Ijumaa moja, Jumamosi mbili, Jumapili tatu. Sisi pia tunafanya hivyo mara nyingi. Mtu akifika kwako siku ya posho jioni, akarudi kwao Jumatatu asubuhi, utasema amekaa siku tatu. Mwenye nyumba ya wageni atamdai usiku mbili. Wote wawili wanasema kweli.

Mfano wa pili ni majina ya siku zenyewe. Huku kwetu wengi wanaita Jumatatu siku ya kwanza, kisha siku ya pili, siku ya tatu, mpaka siku ya posho na siku ya Mungu. Tunaanzia kazi. Watu wa pwani wanaanzia kisha Ijumaa: Jumamosi kwao ni juma mosi, ya kwanza, na Jumatatu ni ya tatu. Sasa mchuuzi wa Uvira aambiane na mwenzake wa Kigoma kwamba samaki au unga utafika bandari ya Kalundu « siku ya tatu ». Wa Kigoma anafikiri Jumatatu, wa Uvira anangoja Jumatano. Siku mbili zimepotea, na kila mmoja anamwona mwenzake ni mwongo.

Mfano wa tatu ni usiku. Kwa desturi ya pwani na ya Waislamu, siku inaanza jua likizama, ndiyo maana « usiku wa Ijumaa » kwao ni ule tunaouita Alhamisi usiku. Kwa ofisi na kwa saa ya mkononi, siku inaanza katikati ya usiku. Na kwa mtu aliyelala, siku inaanza anapoamka. Usiku mmoja una wenyewe watatu.

Mfano wa nne ni mjane. Dada zetu Waislamu wa Uvira, mume akifa, wanakaa eda miezi minne na siku kumi. Miezi hiyo ni ya mwandamo, kila mmoja siku 29 au 30, kwa hiyo jumla inafika karibu siku 128. Mtu akichukua kalenda ya ukutani akahesabu miezi minne na siku kumi, atapata siku 130 mpaka 133. Siku mbili tatu si nyingi kwa anayehesabu, lakini kwa mwanamke anayengoja kutoka ndani, kwenda sokoni na kuanza maisha upya, ni nyingi.

Kuna atakayesema: maneno haya ya nini? Leta ina kalenda moja, tuifuate, ugomvi uishe. Sisi hatuipingi kalenda ya leta. Lakini hata hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1582 Papa Gregorio wa 13 aliisahihisha: kule ilikopokelewa, watu walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Urusi haikuipokea mpaka mwaka 1918, na ndiyo sababu yale Mapinduzi ya Oktoba ya 1917 sikukuu yake ilikuwa tarehe 7 Novemba. Kalenda ni mapatano ya watu. Ni mapatano mazuri, tuyashike. Lakini mapatano yanamfunga vizuri yule aliyeelezwa, na hapo ndipo penye shida yetu kubwa.

Chukua neno « mwezi ». Mtu anakopa pesa tarehe 31 Januari, anasema: « Nitarudisha kisha mwezi moja. » Tarehe 31 ya mwezi wa pili haipo. Je, alipe tarehe 28 Februari, mwisho wa mwezi, au angoje siku 30 zitimie, yaani tarehe 2 Machi? Mwenye kudai atachagua ya kwanza, mwenye deni atachagua ya pili. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini hawakusema siku gani. Zamani wakulima na mabaharia wa pwani walikuwa na mwaka wao uliohesabiwa kwa siku kumi kumi kuanzia siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa hata sasa kule Makunduchi, Zanzibar. Kumi ni kumi kila mahali, lakini mwezi ni 28, 29, 30 au 31.

Sasa tuone mahali ambapo tofauti hii inaumiza watu wetu. Sheria ileile ya 2009 inasema kila mtoto ana haki ya kuandikishwa katika siku 90 kisha kuzaliwa. Watu wanatafsiri: « miezi tatu ». Ni rahisi kukumbuka, lakini si sawa. Tuseme mtoto amezaliwa tarehe 1 Julai. Bila kuhesabu siku ya kuzaliwa yenyewe, mwezi wa saba unabakiza siku 30, mwezi wa nane 31, hizo ni 61. Siku ya 90 inaangukia tarehe 29 Septemba. Baba aliyehesabu miezi mitatu anateremka kutoka mlimani tarehe 1 Oktoba, amevaa vizuri, ana karatasi ya hospitali mkononi, anafikiri amefika siku yenyewe. Amechelewa siku mbili. Kisha hapo itamlazimu kupita tribinali, atafute hukumu, na njia hiyo ina safari na gharama. Wengi wanakata tamaa, mtoto anabaki bila cheti. Kijana anakua na « vers » yake kama babu yake, lakini babu alikuwa na kijiji kizima kinachokumbuka. Kijana huyu, kisha kukimbia na kuhama, pengine hana hata jirani mmoja wa zamani.

Hapa nani ana kosa? Baba hakudanganya, wala karani hakuvunja sheria. Lakini mmoja kati yao alijua tofauti ya siku 90 na miezi mitatu, na mwingine hakuijua. Sisi tunafikiri kwamba anayejua hesabu ndiye mwenye mzigo wa kuitangaza mapema: kanisani, kwenye kliniki, sokoni, kwa mkubwa wa kijiji. Kunyamaza mpaka siku ipite, kisha kumwambia mtu « umechelewa », ni kumpima kwa kipimo ambacho hukumwonyesha. Muuzaji wa unga akificha debe lake tunamwita mwizi. Mwenye kuficha kipimo cha siku tumwite nani?

Kuna mfano mwingine mzito zaidi, na tunaomba wanaume wausome polepole. Mume anafanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu Kamituga. Anarudi nyumbani tarehe 1 Machi. Tarehe 29 Aprili mke anakwenda kupimwa, muuguzi anaandika kwenye karte: mimba ya wiki 10. Mume anahesabu tangu siku aliyorudi: siku 59, yaani wiki 8 na siku 3. Moyo unamruka. Wiki ile nyingine na nusu ni ya nani? Tumesikia nyumba zilizovunjika kwa hesabu ya namna hii.

Kumbe muuguzi hakuanza siku ya mimba, maana hiyo hakuna anayeiona. Kwa kawaida ya hospitali zote, wiki zinahesabiwa kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mimba yenyewe hushika karibu wiki mbili baadaye. Ikiwa hedhi ilianza tarehe 18 Februari, basi tarehe 29 Aprili ni siku 70, wiki 10 kamili, na mimba ilishika kama tarehe 4 Machi, mume akiwa tayari nyumbani. Mwanamke hana doa. Mume alihesabu vizuri, muuguzi alihesabu vizuri, na katikati ya hesabu mbili nzuri mwanamke mwenye haki alikaribia kufukuzwa. Neno moja tu, « tunaanzia hapa », lingetosha kuokoa nyumba.

Ndiyo sababu tunasema kuchagua siku ya kwanza ni tendo la haki au la kukosa haki. Na jambo hili halikomi kwenye nyumba na deni. Linafika mpaka kwenye historia yetu.

Jina la Lemera limeandikwa katika vitabu vya siasa pamoja na tarehe 23 Oktoba 1996. Ndiyo tarehe ya yale Mapatano ya Lemera yaliyoanzisha AFDL, jeshi lililomwangusha Mobutu. Ukiuliza vita vile vilidumu muda gani, msomi atahesabu kutoka tarehe 23 Oktoba 1996 mpaka kuingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997: siku 206. Lakini muulize mtu wa Lemera. Yeye ataanza tarehe 6 Oktoba, Jumapili, siku hospitali iliposhambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani na wauguzi pamoja nao. Kwa hesabu yake ni siku 223. Tofauti ni siku 17. Siku 17 hizo ndizo zenye wafu wetu. Anayeanza tarehe 23 hasemi uongo wowote, lakini amefungua kitabu kisha maiti kuondolewa.

Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali hiyo, alipopewa tuzo ya Nobel na kusema mbele ya ulimwengu huko Oslo tarehe 10 Desemba 2018, alianza hotuba yake na usiku ule wa tarehe 6 Oktoba 1996, akataja watu zaidi ya 30 waliouawa. Angeweza kuanza na mambo mengi. Aliichagua siku ya kwanza yake, na kwa kufanya hivyo akairudisha mahali pake.

Hapa tunafika penye swali gumu, na hatutaki kulikwepa. Ikiwa kila mtu ataanza kuhesabu tangu siku aliyoumizwa, je, tutakutana lini? Watu wa Makobola wataanza mwisho wa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999. Wenye ndugu waliochomwa Gatumba, ng'ambo ya mpaka, wataanza tarehe 13 Agosti 2004. Mutarule, chini kwenye bonde la Ruzizi, wataanza tarehe 6 Juni 2014. Kila mmoja ana tarehe yake, na tumesikia watu wakizitumia kama mawe: wewe unaanza hapa kwa sababu unaficha ya kabla, sisi tunaanza kule kwa sababu tulikuwa wa kwanza kuumia. Ukirudi nyuma daima utakuta jambo lingine lililotangulia. Anayetafuta siku ya kwanza kabisa ili apate haki ya kulipiza hataifikia, maana nyuma ya kila jana kuna juzi.

Hata ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, miaka 14 kasoro siku 5 kisha hospitali ya Lemera kushambuliwa, ililazimika kuchagua: inaanza Machi 1993, inaishia Juni 2003. Waliouawa katika miaka hiyo wamo. Waliouawa Mutarule hawamo. Hatulaumu, kila kazi lazima iwe na mwanzo na mwisho. Tunasema tu kwamba mwanzo na mwisho wa ukurasa usifikiriwe kuwa mwanzo na mwisho wa machozi.

Jibu letu ni hili. Siku yangu ya kwanza si lazima iwe siku ya kwanza ya mwenzangu, na yake haifuti yangu. Wazee walipokaa kuamua ugomvi, hawakuanza kwa kusema nani alianza. Kila upande ulipewa nafasi ya kusema « kwetu ilianza hivi », na mwingine alilazimika kunyamaza mpaka amalize. Kisha hapo ndipo siku zilipopangwa kwa utaratibu, ya kwako na ya kwangu, kwenye mstari mmoja. Tukiweka tarehe zetu zote kwenye mstari mmoja, jambo moja litaonekana ambalo haliwezi kuonekana kila mtu akishika yake peke yake: nafasi kati ya tarehe moja na nyingine imekuwa fupi mno. Kati ya Gatumba na Mutarule haikutimia hata miaka 10. Mtoto aliyezaliwa tarehe ya kwanza alikuwa bado shule ya msingi tarehe ya pili ilipofika. Kurefusha nafasi hizo ndiyo kazi yetu sote, na mtu hawezi kurefusha kitu ambacho amekataa kukipima.

Basi kwa watoto wetu tungependa kuacha desturi ndogo tatu. Ya kwanza, mkikubaliana juu ya muda, semeni siku ya kuanzia na siku ya kuishia, na muitaje kwa jina na kwa namba: « kutoka Jumatatu tarehe fulani mpaka Jumatano tarehe fulani », msiseme tu « mwezi moja » au « siku tatu ». Ya pili, anayejua kuhesabu amhesabie asiyejua kabla siku hazijapita, maana siku hazigandi. Ya tatu, mtu akikutajia tarehe ya msiba wake, usimjibu na ya kwako. Muulize kwanza: kwenu ilianza lini? Kisha ukae, usikilize mpaka amalize.